Mgongo wa Waridi

Mchonga mawe wa Oostbeke alikuwa amefika herufi C, na Sajini Achiel Wybo alipoisikia nyundo yake akiwa bado mtaa wa pili, alikanyaga pedeli kwa nguvu mpaka mnyororo wa baiskeli ukachomoka. Njia iliyobaki aliimaliza kwa miguu, baiskeli mkononi, manyunyu yakimwingia shingoni.

"Umefikia nani?" aliuliza kabla hajaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kanisa.

Mchonga mawe hakugeuka. Alikuwa mtu mfupi, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope. "Claeys nimemmaliza. Hapa niko na Coene. Anayefuata utaniambia wewe, Sajini. Ni Dewulf au ni Feys?"

"Mchonge Feys. Dewulf umwachie nafasi."

"Jiwe si daftari, bwana. Nikiacha nafasi na jina lisije, Jumapili Meya atafunua mnara wenye pengo kama mdomo wa bibi yangu. Coene atanichukua hadi saa sita mchana. Baada ya hapo mimi simsubiri mtu."

Wybo alitazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu.

Katika mfuko wake wa ngozi mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni jalada la mahakama ya kijeshi: Dewulf, Remigius, askari wa miguu, Kikosi cha Tatu, hakuonekana tena tangu Oktoba 1917. Kwa miaka mitatu na nusu hakuna aliyeligusa jalada hilo, na kijiji kilimhesabu Remi pamoja na wafu wake bila kuulizana. Cha pili ni ganda la shaba la kombora la mzinga, la aina ambayo askari waliichonga mahandakini na kuigeuza chombo cha maua. Hili lilichongwa waridi, na chini ya waridi herufi mbili, R.D., na tarakimu 3, namba ya kikosi. Askari mmoja mstaafu aliliona Jumatatu mezani kwa mwenye baa wa hapa hapa kijijini, akakumbuka mwenzake, machozi yakamlengalenga. Kisha akaligeuza kitako juu. Kitakoni kulikuwa na mhuri wa kiwanda: 1918.

Mtu aliyepotea mwaka wa kumi na saba hawezi kuchonga ganda lililotoka kiwandani mwaka wa kumi na nane, isipokuwa kama hakupotea. Kapteni kule Veurne hakuhitaji kufikiri mara mbili. "Ni mtoro," alisema. "Funga jalada kabla ya Jumapili, Wybo. Sitaki mtoro juu ya jiwe la mashujaa."

Wybo hakulipenda jambo hilo. Kilichomkera si kwamba lilikuwa gumu; lilikuwa rahisi mno, na yeye alikuwa mtu wa kukosa usingizi kwa mambo rahisi. Isitoshe, miaka minne ya matope alikuwa ameila mwenyewe. Naye alichonga pete kwa bati la fyuzi ya bomu la Wajerumani, akamletea mkewe. Mke aliivaa wiki moja, kwa huruma.

Aliuvuka uwanja akaingia baa.

Kamiel Baert, mwenye baa, alikuwa akipanga bidhaa zake kwenye meza ya dirishani, tayari kwa Waingereza wanaokuja kutafuta makaburi ya watoto wao: visu vya kufungulia barua, misalaba ya risasi, maganda yaliyonakshiwa. Kibao kilisema: KAZI YA MIKONO YA ASKARI.

"Karibu, Sajini! Bia au kahawa?"

"Majibu. Hili ganda ulilipata wapi?"

"Nilishamwambia yule mstaafu. Kuna mtu aliniletea mwezi wa tatu. Mwanamume, koti la jeshi, ndevu, anachechemea. Sikumuuliza jina. Kwenye biashara hii ukiuliza sana unakufa njaa."

"Alilileta peke yake?"

"Pamoja na mengine manne, kwenye sanduku."

"Alikunywa kitu?"

"Bia moja. Aliketi pale pale ulipo."

"Mguu wake wa kushoto aliunyoosha, au aliukunja?"

"Aliunyoosha, maskini, hata ukamzuia paka kupita."

Wybo aliandika. Aliuliza kuhusu sanduku, bei ya bia, paka anaitwaje. Kisha, akiwa anafunika kalamu, akasema, "Na huo mguu wa kulia, aliumia kwa risasi au kwa bomu?"

"Risasi, alisema. Hapa, juu ya goti." Kamiel alijigonga paja la kulia. Mkono ukabaki hapo hapo. Akacheka kidogo, peke yake.

"Lete sanduku, Kamiel."

Lilikuwa sanduku la sabuni. Ndani yake yalikuwa yamebaki maganda mawili, kila moja limeviringishwa katika karatasi ya buluu iliyokolea. Wybo aliikunjua karatasi moja, akaipitisha vidoleni. Mama yake mzazi alikuwa na karatasi kama hiyo kabatini. Hakuna mwanamume anayeinunua. Ni karatasi ya wanawake wasuka lesi. Huifungia lesi humo ili isigeuke njano.

"Nyumba ya nani?" aliuliza kwa upole.

"Sajini, mimi nina watoto."

"Na mimi nina Kapteni. Nyumba ya nani?"

Kamiel alitazama nje, kule nyundo ilikolia. "Kwa akina Dewulf wenyewe," alisema. "Mama yake ndiye anayenipa. Sasa unajua kwa nini nilimpa mguu mbovu yule mtu wangu wa kubuni. Nilidhani... basi, nilidhani kijana amerudi, wamemficha darini. Nami si mtu wa kuchoma nyumba ya mjane."

Wybo alitoka kichwa kikimwuma. Alikuja kutafuta njia ya kumtoa Remi Dewulf kwenye utoro, na badala yake alikuwa amepata dari ya kumkamatia, pamoja na mama wa kumfunga kwa kosa la kumficha. Kila hatua aliyopiga ilimzamisha zaidi. Saa ilisema saa tano kasorobo.

Nyumba ya mjane Leonie Dewulf ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba. Mlangoni kulikuwa na viatu vya mbao, vikubwa, vya kiume, na tope lake lilikuwa bichi. Wybo alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kisha akabisha.

Ndani, meza ilikuwa imeandaliwa mapema kwa chakula cha mchana. Mkate, siagi, sufuria ya uji wa maziwa ya mtindi, na mabakuli matatu.

"Mnaishi wangapi humu, mama?"

"Mimi na binti yangu Zulma." Mjane Leonie hakuinuka. Aliketi karibu na dirisha, mto wa kusukia magotini, na vijiti vyake vya lesi viligongana chini ya vidole bila kupumzika, kama mvua juu ya bati. "Kaa, baba. Najua umefuata nini. Hapa kijijini habari ina miguu mirefu kuliko baiskeli yako."

"Mabakuli ni matatu."

"Mabakuli yamekuwa matatu tangu mwaka wa kumi na nne. Kama mahakama inataka kuhesabu vyombo, kuna vingine jikoni."

Hakuketi. Aliomba ruhusa ya kupanda darini, akapewa kwa kuinuliwa kidevu tu. Kule juu alikuta vitunguu, utando wa buibui usioguswa kwa miaka, na kitanda kilichovuliwa godoro. Akashuka. Moyo ulipungua kasi kidogo, lakini kidogo tu, maana viatu vile bado vilikuwa mlangoni.

Alisimama nyuma ya bega la mama yule, akainama kuangalia kazi. Kati ya msitu wa pini palikuwa panachomoza waridi la uzi mweupe, na chini yake jani moja, limelalia kushoto.

"Usiyachoshe macho yako hapo," alisema Leonie. "Huo ni mgongo. Sisi hapa tunasuka kinyume, uso unaangalia mto. Mpaka uchomoe pini na kugeuza, hujaona kitu."

 Kuna kitu kilimgusa Wybo, kikapita kabla hajakishika. Alitoa ganda mfukoni, akaliweka mezani kando ya bakuli la tatu.

Vijiti havikusimama.

"Unalijua, mama?"

"Nalijua. Ni waridi letu. Mama yangu alilichora, halisukwi nyumba nyingine."

"Nani amelichonga?"

"Remi."

"Kitako kina mwaka wa kumi na nane."

"Basi alilichonga mwaka wa kumi na nane."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja bei ya mayai. Mlango wa stoo ya kuni, huko nyuma, ulifunguliwa. Msichana wa miaka kama ishirini na mitano aliingia na kikapu cha kuni, akiwa na soksi tupu miguuni. Alimwona askari, akaona ganda, akaweka kikapu chini taratibu.

"Zulma, kalete maji," mama alisema.

"Maji yapo, mama."

"Kalete mengine."

Zulma alikwenda mlangoni, akaingiza miguu katika vile viatu vikubwa, na Wybo aliona anachokifanya: kwanza alisukuma kwa kidole gumba majani makavu yaliyojazwa mbele ya kila kiatu, ili mguu mdogo usipwaye. Alisimama hapo kizingitini, ndoo mkononi, hakwenda popote.

Basi hakuna mwanamume. Wybo alizunguka meza mara moja, mara mbili. Juu ya rafu ya jiko aliona kisu cha kufungulia barua, cha shaba, kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

"Na hiki?"

"Alikituma mwaka wa kumi na sita," alisema Leonie, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine. "Kutoka mahandakini. Alikuwa na kipande changu cha lesi ndani ya kitabu chake cha jeshi. Alikiangalia, akachonga."

Wybo alikishusha akakilaza kando ya ganda. Waridi ni lile lile. La kisu lilikuwa la kubahatisha, mistari imetetemeka, petali moja imemshinda fundi akaiacha. La ganda lilikuwa safi. Lakini si hilo lililomkamata. Kwenye kisu, jani lililala kulia. Kwenye ganda, lilikuwa kushoto.

"Mama, una kipande chochote kilichokwisha?"

Alipewa, kutoka karatasi ya buluu. Aliweka uso juu: jani kulia, kama kwenye kisu. Alitazama kazi iliyokuwa juu ya mto: jani kushoto, kama kwenye ganda. Akatoa lenzi yake, akalisogeza ganda dirishani. Ndani ya kila mstari, chini kabisa, kulikuwa na vitone vidogo vilivyofuatana, vya ncha ya pini.

"Ile karatasi ngumu ya mchoro, yenye matundu," alisema polepole, "ile unayoibandika juu ya mto wa kusukia kuongoza pini. Iko wapi?"

"Iko chini ya kazi. Iko hapo."

"Iliwahi kwenda vitani?"

"Karatasi ya mama yangu? Heri ningempa shuka zangu zote."

"Basi anayeitumia lesi iliyokwisha huchonga uso, kama Remi kwenye kisu. Huyu aliyechonga ganda hakutazama lesi. Aliizungushia shaba ile karatasi, akatoboa vitone kupitia matundu, na karatasi ikampa mgongo. Ni mtu aliyesukia kwenye mto huu tangu utotoni, hata haoni kwamba ni mgongo." Aliinua macho. "Mwanao alikuwa akisuka, mama?"

"Remi? Remi alikuwa wa ng'ombe na baba yake."

Nje nyundo iligonga, ikanyamaza, ikagonga.

Leonie aliviacha vijiti. Akainua mkono wa kulia. "Andika, Sajini. Naapa mbele ya Bikira Maria kwamba hiyo ni kazi ya mwanangu Remi, na alinipa mwenyewe baada ya vita, akaenda zake."

"Mama!" Zulma alidondosha ndoo.

"Ukiapa hivyo," alisema Wybo, "jina lake halitachongwa. Ataitwa mtoro. Nawe utaitwa mama wa mtoro mpaka uzikwe."

"Nimeitwa mabaya zaidi sokoni."

"Mama, usimfanyie hivyo, si yeye, unajua si..."

"Nyamaza, Zulma! Kughushi kazi za askari ni jela. Mtu aliyekufa hafungwi!"

Neno lile lilitoka, likabaki pale mezani kati ya mabakuli. Leonie aliufunika mdomo kwa vidole. Kwa muda mrefu aliukodolea macho uji.

"Umesema nini, mama?" Wybo aliuliza, naye aliona aibu kuuliza.

Zulma ndiye aliyekuja mezani, viatu vikigonga sakafu. Alitoa kutoka mfukoni mwa aproni msumari ulionolewa na kinyundo kidogo. Vidole vyake, Wybo aliviona sasa, vilikuwa na mikwaruzo myeusi ya shaba. Alilipakata ganda, akachonga kwenye ukingo wake herufi moja. Ilimchukua muda mfupi tu. Ilikuwa R, mkia wake umejikunja vile vile kama ile ya chini ya waridi.

"Nimechonga zote mimi," alisema. "Maganda tuliyaokota shambani, yamejaa huko. Haya ya Kamiel ni maua tu. Lakini hili halikuwa la kuuza, afande. Hili nilimchongea Remi. Hana kaburi. Nilitaka awe na mahali pa kuwekewa maua, nikaliweka pale dirishani."

"Lilifikaje kwa Kamiel?"

"Nililitia sandukuni mimi," alisema Leonie. Alizungumza na mto wake. "Kila asubuhi nikiamka nalikuta linanitazama na jina lake. Nilishindwa. Nilidhani likienda Uingereza huko, kwa watu wasiomjua, nitaendelea kuweka bakuli lake kwa amani. Kumbe nimemuuza mwanangu mwenyewe."

Akalia, bila sauti, huku mikono yake ikipapasa vijiti bila kusuka. Wybo aligeukia dirisha. Alikuwa na hasira, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Ukweli huo ungemrudisha Remi kwa wafu na kumpeleka dada yake mahakamani. Uongo wa mama ungemwacha dada huru na kumchafua kaka. Alisikiliza nyundo. Coene alikuwa na herufi tano tu.

Kisha akasikiliza vizuri zaidi.

"Zulma. Mle kwenye maganda ya maua, uliandika jina la askari yeyote?"

"Hapana."

"Ulimwambia mnunuzi yeyote kwamba ni kazi ya askari?"

"Sijawahi kuongea na mnunuzi. Hadithi zote anatoa Kamiel. Na kile kibao ni chake."

"Basi hadithi ni za Kamiel, na kibao nitakishusha leo hii. Na hili?" Aligonga zile herufi mbili kwa ukucha. "Kapteni anasema ni sahihi ya fundi. Mimi pia nilisoma hivyo. Lakini yule bwana pale kanisani anachonga majina ishirini na saba, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetia sahihi. Jina la mtu kwenye jiwe halisemi nani amechonga. Linasema nani amelala." Alikuwa ameshafungua jalada, kalamu inakwaruza. "Nimeandika: ganda ni kumbukumbu ya nyumbani, limechongwa na dada, kwa mchoro wa lesi wa mama, baada ya vita. Herufi ni za marehemu. Ushahidi wa utoro hakuna. Yeyote Veurne anayebisha na aje anieleze kwa nini jani limelala kushoto."

Aligeuza karatasi, akaisogeza mbele ya mjane, akaweka kalamu juu.

"Linabaki moja, mama. Meya hawezi kumwandika bila wewe. Lazima utie sahihi kwamba unamkubali kuwa amekufa."

Leonie aliitazama karatasi kama mtu anayeambiwa akanyage moto. Pale uwanjani nyundo ilinyamaza, na haikuendelea. Wybo alijikuta amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, miguu inamwasha kukimbia, lakini hakumharakisha. Zulma alimwekea mama yake mkono begani.

Alitia sahihi. Herufi moja moja, ulimi kati ya meno.

"Umemwandika nani hapa juu?" aliuliza, bado ameshika kalamu. "Hili jina refu."

"Remigius. Ndivyo alivyoandikishwa jeshini. Mchonga mawe anachukua kutoka kwenye jalada."

"Futa." Alimrudishia karatasi kwa mikono miwili. "Mwambie achonge Remi. Padri alimwita kwa hilo refu siku moja tu, wakati wa ubatizo, naye akalia. Kote shambani, jioni, nilikuwa naita Remi, naye anakuja. Ukimwita kwa hilo lingine hatageuka."

Wybo alilifuta. Kisha alikimbia, jalada ndani ya koti, akipunga mkono kwa mbali ili mtu yule mwenye patasi asianze F.